Khamsa wa ishirini iliyounguza bongo la kompyuta

Mtu wa makamo yangu aliyefunzwa kuhesabu chuoni, mbele ya mwalimu mwenye bakora, kabla hajaijua shule ya serikali, haiachi upesi hesabu ile. Atakwenda shule, atasoma Kiingereza, atakula mkate wa kalamu miaka na miaka, lakini akiwa ametulia na watu wake, ishirini na tano kwake itakuwa khamsa wa ishirini. Tano kwanza, ishirini nyuma. Ndivyo walivyohesabu wazee wetu wa Pwani, na ndivyo wanavyohesabu Waarabu hadi leo. Wao huandika kutoka kulia kwenda kushoto, na jicho litokalo kulia hukutana na tano kabla ya mbili. Ulimi nao hufuata jicho.

Kwa hesabu hiyo maduka yaliuza, majahazi yalipakia na mahari ikahesabiwa, wala sikupata kusikia mtu aliyepata hasara. Kila aliyesikiliza alijua ni ipi ya mbele na ni ipi ya nyuma.

Hasara nimeileta mimi. Nimeunguza bongo la kompyuta ya mpwa wangu, kwa ulimi wala si kwa mkono. Na kwa kuwa aliyekosa ni mtu wa lugha, kisa hiki naona kina haki ya kuwekwa katika ukurasa huu.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu, na riziki yake ni kukata na kuunga filamu za harusi. Msomaji wa Mombasa hana haja ya kuelezwa. Harusi moja ina nikahi, ina kupamba, ina walima. Kila shughuli ina kamera mbili au tatu. Na baada ya yote Bi Harusi anataka filamu yake iwe tayari kabla hajapanda ndege kumfuata mumewe Maskati. Kompyuta yake kijana aliiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande, kwa muda wa miaka miwili. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri, lakini filamu moja iliichukua usiku kucha. Siku moja mwezi wa Machi akaniambia: “Mjomba, prosesa hii inaweza kwenda mbio kuliko hivi. Leo nataka kuizidisha.”

PIGO LA NGOMA

Prosesa ndiyo bongo la kompyuta. Ni kipande cha silikoni ambacho aghalabu huwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba au zaidi kidogo, na ndani yake mna milango midogo mno inayofunguka na kufungika kwa umeme, iitwayo transista. Prosesa ya kwanza ya kampuni ya Intel kuuzwa madukani, ile 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni.

Milango hiyo yote huchezeshwa na pigo moja. Mfano wake ni ngoma: mpigaji akipiga, wachezaji wote huinua mguu kwa pamoja, akipiga tena, huushusha. Prosesa ikisemwa ina gigahezi 4, maana yake ni mapigo bilioni 4 kwa kila sekunde. Kuizidisha, jambo ambalo vijana huliita kuovakloki, ni kumwambia mpigaji aongeze kasi kupita ile aliyoandikiwa na kiwanda.

Inawezekanaje? Kiwanda huandika kasi ambayo kina hakika nayo kwa mteja yeyote, katika nchi yoyote, kwa miaka kadha. Kwa hiyo vipande vingi hutoka vikiwa na nguvu ya akiba. Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya bei rahisi, Celeron 300A, iliyoandikwa megahezi 300. Vijana wakagundua kwamba nyingi kati yake hukubali kwenda 450 bila malalamiko, yaani nusu ya kasi juu ya kasi. Maskini akapata mwendo wa tajiri. Tangu hapo mchezo huu ukaenea dunia nzima.

Lakini kila mchezo una gharama yake. Ngoma ikizidi kasi, hufika mahali mchezaji mmoja hawahi kushusha mguu kabla ya pigo jingine. Katika prosesa hapo ndipo hesabu zinapokosewa na kompyuta kuganda. Dawa yake ni kuongeza msukumo wa umeme, yaani volti, ili milango ifunguke upesi zaidi. Na hapa ndipo penye mwiba. Kasi ikizidi mno peke yake, kwa kawaida kompyuta hukwama tu, nawe ukairudisha ilikokuwa. Volti ikizidi mno, huenda usipate cha kurudisha.

KARATASI NA SAUTI

Mpwa wangu si mtu wa pupa. Alisoma wiki nzima, akauliza wenziwe, akaandika vipimo vyake kwenye karatasi. Kasi itoke gigahezi 4 ifike 4.6. Volti iwe 1.25. Alinunua na feni kubwa ya kupozea, na grisi mpya ya kupaka baina ya prosesa na chuma cha feni.

Baada ya Isha tukakaa chumbani kwake. Vipimo hivi huwekwa katika ukurasa maalumu unaofunguka kabla kompyuta haijaamka barabara. Yeye macho yake yalikuwa kwenye skrini na vidole kwenye vibonye. Karatasi akanipa mimi. “Nisomee, mjomba.”

Nikamsomea. Kasi ilikwenda sawa. Nilipofika kwenye volti, nikavaa miwani vizuri, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na shaka: “Moja, nukta, khamsa wa ishirini.”

Naye akaandika alivyosikia: moja, nukta, tano, mbili.

1.52. Tarakimu zikageuka rangi nyekundu kwenye skrini. Nikamuuliza mbona zimekuwa nyekundu. Akasema ni kwa sababu tumebadili kipimo cha kiwanda. Akabonyeza, akahifadhi, kompyuta ikaamka, na wote wawili tukafurahi. Akaipiga picha skrini ile kwa simu kuwaonyesha wenziwe.

Siku za mwanzo zilikuwa za raha. Filamu iliyokuwa ikichukua usiku kucha ikawa tayari kabla ya adhana ya alfajiri. Nami nilimsifu kijana kwa kila aliyenisikiliza barazani. Jambo moja tu lilimtia wasiwasi: kipima joto kilichomo ndani ya prosesa kilipanda kupita nyuzi 90 kila kazi ilipokuwa nzito. Tukalaumu Mombasa. Mwezi wa Machi, kaskazi limelala, hata kuta zinatoka jasho. Kompyuta nayo itafanyaje? Ndivyo alivyo binadamu. Akipewa onyo, hulitafutia sababu ya karibu ili asiamke alipokaa.

Siku ya kumi na moja skrini ikawa buluu ghafla, kompyuta ikajizima na kujiwasha. Kesho yake mara tatu. Kijana akarudisha vipimo vyote vya kiwanda, kasi na volti, akidhani mambo yatatulia. Hayakutulia. Prosesa iliyokuwa ikienda vyema kwa mwendo wa kiwanda tangu siku ya kununuliwa, sasa hata mwendo huo uliishinda. Mwisho wa wiki feni zilizunguka, taa ziliwaka, lakini skrini ikabaki nyeusi.

MAJI NA MCHANGA

Ni nini kilichotokea ndani ya ukucha ule? Nimesoma, nimeuliza, na nitaeleza kama nilivyofahamu.

Kwanza ni joto. Umeme unaoliwa na transista haupandi sawa na volti. Hupanda kwa volti kuzidishwa kwa yenyewe. Gawa 1.52 kwa 1.25, unapata kama 1.22. Zidisha 1.22 kwa 1.22, unapata karibu 1.49. Maana yake, kwa kasi ile ile, kosa langu la tarakimu mbili lilizidisha joto kwa karibu nusu nzima.

Pili ni wingi wa umeme unaopita. Prosesa inayokula wati 100 kwa volti 1.25 hupitisha ampea 80. Plagi ya kawaida ya ukutani katika nyumba zetu imewekewa mpaka wa ampea 13. Basi fikiri, msomaji: mkondo unaoshinda plagi sita unapita katika nyaya ambazo jicho haliwezi kuziona. Nyaya hizo zamani zilikuwa za aluminiamu, na baada ya IBM kutangaza njia mpya mwaka 1997 nyingi zikawa za shaba. Mkondo ukizidi nguvu na joto likawa kali, chembe za umeme huzisukuma chembe za shaba zenyewe na kuzihamisha.

Aliyekulia pwani hahitaji mfano mwingine. Maji yakivuta upande mmoja siku baada ya siku, hula mchanga wa ufuo huu na kuurundika ufuo ule. Hapa mnazi unabaki mizizi wazi, pale fungu jipya linazuka. Ndani ya prosesa ni vivyo hivyo: mahali waya hukonda hadi ukakatika, na mahali pengine shaba hurundikana hadi ikagusana na waya wa jirani. Mwaka 1969 mtaalamu James Black wa kampuni ya Motorola aliandika kanuni ya kukadiria muda wa waya wa namna hiyo kabla haujakatika, na wahandisi wanaitumia hadi leo. Kanuni hiyo yasema mkondo ukizidi na joto likizidi, umri hupungua, wala haupungui kidogo kidogo bali kwa mporomoko.

Tatu ni utando. Kila transista ina utando mwembamba wa kuzuia umeme usipite pasipo njia, na unene wake ni nanomita chache tu, yaani safu chache za atomu. Volti moja juu ya nanomita moja ni sawa na volti bilioni 1 kwa mita. Hewa kavu hupasuka na kutoa cheche kwa kama volti milioni 3 kwa mita. Utando ule unastahimili kwa sababu umetengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini hauna nafasi ya mzaha. Ndiyo sababu kadiri transista zinavyozidi kuwa ndogo, volti zake hupunguzwa. Prosesa ya 8086 ya mwaka 1978 ilitumia volti 5. Pentium zilizotoka mwaka 1994 zilitumia 3.3. Za leo zinazungukia volti moja na kitu. Zamani robo ya volti ilikuwa tone katika ndoo. Leo ni ndoo juu ya kikombe.

Watu husema, “Lakini prosesa za leo hujilinda.” Kweli, zina kipima joto, na zikizidi kiasi hupunguza mwendo au hujizima. Ulinzi huo ni wa joto. Volti uliyoiandika kwa mkono wako huenda ikachukuliwa kuwa ni amri yako, na utando huchakaa hata kabla kipima joto hakijapiga kelele. Prosesa iliyochakaa hivyo huhitaji volti nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile iliyokuwa ikiifanya kwa volti chache. Ndipo mtu anapoirudisha kwenye kipimo cha kiwanda na kuikuta imeshakuwa mgonjwa.

SI SISI PEKE YETU

Nilipokuwa nikitafuta maelezo hayo nilikuta faraja kidogo, ikiwa hasara ya mwenzio ni faraja. Mwaka 2002 Intel ilitoa prosesa za Pentium 4 zilizoitwa Northwood, ambazo volti yake ya kawaida ilikuwa 1.5 tu. Vijana waliozoea kizazi cha kabla yake, kilichokuwa na volti kubwa zaidi, wakazitia 1.7 na kupita. Zilikwenda mbio ajabu, kisha zikafa moja baada ya nyingine, nyingine baada ya wiki, nyingine baada ya miezi. Wenyewe wakaliita jambo hilo kifo cha ghafla cha Northwood.

Mwezi wa Aprili 2023 zikaonekana picha za prosesa za AMD, hasa Ryzen 7 7800X3D, zimevimba na kuungua pamoja na tundu lake kwenye ubao. Volti ya sehemu moja ya prosesa ilikuwa ikipanda mno katika mbao nyingine, na AMD ikatoa marekebisho ya kuiwekea mpaka wa 1.3.

Na mwaka 2024 likaja la kushangaza zaidi. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba katika kompyuta za watu ambao hawakuzidisha chochote. Mwezi wa Julai kampuni ikaeleza kwamba maagizo yaliyomo ndani ya prosesa zenyewe yalikuwa yakiomba volti kubwa kupita haki yake. Mwezi wa Agosti ikatoa marekebisho, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Lakini prosesa iliyokwisha kudhurika haikuweza kuponywa kwa marekebisho yoyote. Dawa yake ilikuwa kubadilishwa. Kumbe hata kwa mabingwa, tarakimu ndogo baada ya nukta inaweza kuteleza.

PICHA YA SIMU

Tuliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja maeneo ya Mwembe Tayari. Akaitoa prosesa, akaweka nyingine ya kujaribia, mashine ikaamka papo hapo. Jambo la kwanza alilotuambia lilituliza moyo: filamu zote zilikuwa salama. Filamu hukaa kwenye diski, na prosesa ikifa haifi na diski. Kazi ya Bi Harusi ikahamishiwa kompyuta ya rafiki, ikakabidhiwa kwa mamake ikiwa imechelewa siku nne. Mwenyewe alikuwa ameshasafiri.

Kisha fundi akauliza: “Volti mliweka ngapi?” Kijana akasema 1.25, akatoa karatasi. Fundi akatikisa kichwa, akasema hiyo haiui mtu. Hapo kijana akakumbuka picha ya simu, akaifungua. Tukaitazama watu watatu. 1.52, kwa rangi nyekundu.

“Vidole vyangu,” akasema kijana. “Nimejiunguzia mwenyewe.”

Mimi nikanyamaza. Sikujua bado, au pengine sehemu yangu moja ilijua na nyingine ikakataa kusikia. Usiku ule nikiwa kitandani nikaisikia sauti yangu mwenyewe, safi kama ya mtu asomaye mashairi redioni: khamsa wa ishirini. Usingizi ukaruka.

Nikakaa siku mbili bila kusema. Naandika hili kwa aibu. Prosesa ile thamani yake ilikuwa kodi yake ya miezi minne; alikuwa amerudisha malipo ya awali ya harusi mbili; na dada yangu alikuwa akimwambia usiku na mchana kwamba hana makini. Nilikuwa nikisikia, nikinywa kahawa yao. Mzee ana ugumu wake wa kukiri mbele ya kijana, hasa mzee ambaye kazi yake ni kuwakosoa wengine lugha.

Siku ya tatu nikamwita barazani, mamake akiwapo, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akacheka.

“Mjomba,” akasema, “wewe ulisema sawa. Mimi ndiye niliyesikia kwa sikio la shule. Na ile rangi nyekundu niliulizwa, nikajibu upuuzi.”

Tukagawana hasara nusu kwa nusu. Akapata prosesa ya mtumba, ya mwendo wa kawaida, na filamu zikarudi kuchukua usiku kucha.

Wala sikumkataza kuzidisha tena, maana kijana asiyejaribu hajifunzi. Tumepatana masharti tu. Tarakimu zisomwe moja moja, kama namba ya simu: moja, nukta, mbili, tano; na aliyeandika amsomee aliyesoma kabla ya kuhifadhi. Volti ipandishwe kwa mia moja ya volti kwa hatua, na kila hatua ijaribiwe kazi nzito. Rangi nyekundu isipewe tafsiri ya kupendeza. Ikitokea kipimo kibaya kimekwisha hifadhiwa, kompyuta izimwe hapo hapo, uchomolewe umeme na itolewe ile betri ndogo bapa iliyo kwenye ubao mkuu. Baada ya dakika chache vipimo vya kiwanda hurudi. Laiti tungalifanya hivyo usiku ule wa kwanza, prosesa ingali hai.

Na mimi je, niache khamsa wa ishirini? Siachi. Nitaisema kwa wazee wenzangu na kwenye baraza inayoijua. Ila nimejifunza kwamba neno halikamiliki mdomoni mwa msemaji. Hukamilika sikioni mwa msikiaji, na sikio la mpwa wangu halikufunzwa na mwalimu wangu. Alipoweka prosesa ile ya mtumba aliniomba kitu cha kubandika ukutani juu ya kompyuta, nami nikamwandikia ubeti huu:

Tarakimu si kauli, ya kusemwa kwa haraka,
Zisome mbali na mbali, mbili tano bila shaka,
Umeme una makali, chombo kidogo huchoka,
Usizidishe kwa hali, ya pupa ukaanguka.